Kundi la Kungoja

Zamda aliizima taa ya zambarau, akaipiga kofi la ubavuni kama mtu apigavyo redio mbovu, akaiwasha tena. Pamba ya kipimo ikang'aa vilevile. Kijani kibichi, kimetapakaa kuanzia ncha ya pamba mpaka kwenye kijiti.

Nyuma ya pazia wifi yake alikuwa bado kalala chali kitandani, miguu kaikunja, uvumilivu unamwishia.

"Wifi, umeniacha hapa kama kuku anayengoja kunyonyolewa. Unachungulia nini huko muda wote huo?"

"Tulia wewe. Mficha uchi hazai."

"Nimeuficha wapi? Si huu hapa unapigwa upepo!"

Siku nyingine Zamda angecheka mpaka wagonjwa wa barazani wamsikie. Leo kicheko kilimkwama. Chausiku alikuwa mke wa Kondo, mdogo wake Zamda, na mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Mkononi alivaa bangili nyeupe ya Kundi la Kungoja. Mwenye bangili nyeupe hang'ai. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na tangu utafiti uanze hapo Ruhembele, Zamda hakuwahi kuona pamba ya bangili nyeupe ikiwaka mbele ya macho yake.

Enzi hizo penisilini ilikuwa imebaki jina. Dawa zote za sindano zilizowavusha mama zetu zilikuwa zimekwisha makali, ukimchoma nazo mjamzito ni sawa na kumchoma maji ya kisima. Na adui mwenyewe hakuwa na kelele. Vilikuwa vijidudu vinavyojikalia kimya katika njia ya uzazi, visimwashe mama wala kumtoa jasho, vikimngoja mtoto apite. Mtoto alizaliwa akilia vizuri, akanyonya vizuri, watu wakapongezana. Siku ya pili anakataa ziwa. Anaanza kukoroma kifuani, mwili unakuwa wa moto, na siku ya tatu wanaume wanabeba jembe kwenda nyuma ya reli, kwenye makaburi ya vichanga. Katika mitaa mingine ya Ruhembele mwanamke alikuwa hapelekewi pongezi mpaka wiki ipite, kwa kuogopa kupongeza msiba.

Ndipo Taasisi ya Kizazi ikaja na walinzi. Nao walikuwa vijidudu, lakini vya kutengenezwa maabara. Mama alipakwa ute mara moja tu, mwezi wa saba, na walinzi wakaota mwilini mwake kama nyasi, wakawanyima wale wabaya nafasi na chakula. Walitiwa chembe ya kung'aa ili waonekane chini ya taa. Walivishwa gamba gumu ili wavumilie joto, kwa sababu vituo vingi vya vijijini havina friji. Kisha wakatiwa ukomo: wakikosa kuongezewa ute mpya, huzaliana kwa miezi michache tu, wakafa wenyewe. Taasisi haikutaka kiumbe chake kizurure duniani bila kamba shingoni.

Lakini Baraza la Dawa halikubali kitu kwa maneno matamu. Lilitaka mji mmoja, wajawazito wote, na kura. Mashine ilimpa kila mama bangili. Ya kijani, unapakwa ute wa walinzi. Nyeupe, unapakwa ute mtupu, na mtoto wako anahesabiwa ili ijulikane bila walinzi wangapi hufa. Kura haina shemeji. Chausiku, aliyekwisha kuzika watoto wawili, wote siku ya tatu, wote wamepokewa na mikono ya Zamda, alivuta nyeupe. Alilia siku hiyo mpaka akatapika, na Zamda alikuwa amemshika mabega akimwambia, "Mungu yupo, wifi," huku moyoni akiitukana ile mashine matusi ya sokoni.

Sasa wifi huyo alikuwa anang'aa.

Zamda akalipita pazia, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Niambie ukweli. Nani kakupaka ute?"

"Ute gani? Ninyi wenyewe si ndio mlionipaka huo wenu wa bure?"

"Chausiku."

Alipoitwa jina badala ya wifi, yule mwanamke akaacha mzaha. Akajifunika. "Sijapakwa na mtu, haki ya Mungu. Kuna nini? Mtoto ana nini?"

"Mtoto hana kitu. Umelala wapi, umevaa cha nani, umekalia nini?"

"Nimelala kwangu na mdogo wako, kama huamini mwulize." Kisha akakumbuka. "Labda ile kanga. Mama kaniletea kanga ya heri ya Mwamvua. Sasa kanga nayo ina kosa gani?"

Zamda akafumba macho. Mwamvua alikuwa bangili ya kijani. Mtoto wake alikuwa ametimiza arobaini wiki ile, mnene, anasumbua mtaa kwa vilio.

Kanuni ilibandikwa ukutani juu ya kichwa chake, hakuhitaji kuisoma. Bangili nyeupe iking'aa, mama anyweshwe Mfutio hapo hapo. Mfutio ilikuwa sharubati nyekundu, tamu, na kijiko kimoja kilitosha kuwaua walinzi wote. Ila haikuwaua wabaya. Wabaya walirudi upesi kwa wingi kuliko mwanzo, maana shamba likiachwa tupu, magugu ndiyo huwahi.

Zamda aliitupa ile pamba inayong'aa, akachukua kijiti kingine kisafi, akakichovya kwenye maji ya chumvi, akakitia ndani ya kichupa chenye jina la Chausiku, akafunga kizibo. Droni ya saa sita ikakibeba pamoja na vingine kwenda makao makuu. Alipomaliza alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia tangu avae sare ile.

*

Bi Sikudhani, mama yake, alikuwa uani akichambua mchele alipomkuta.

"Mama, kanga ya Mwamvua imepita kwa nani na nani?"

"Salamu kwanza, au siku hizi manesi mmesamehewa salamu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Imepita kwa kila mwenye haja. Kwani wewe una haja? Umri huo?" Bi Sikudhani akacheka kwa raha zake. "Na si ya Mwamvua peke yake. Mwaka huu kanga za heri zimekuwa nyingi, alhamdulillahi. Mwantumu wa kwa fundi baiskeli anayo yake, yule mwenzake wa dukani anayo, wa kule kwa walimu tumempelekea juzi."

Mwantumu alikuwa mwenye bangili nyeupe. Na hao wengine pia, kila aliyetajwa.

Ruhembele, kanga iliyompokea mtoto akafika arobaini ndiyo kanga ya heri. Haifuliwi kwa sabuni, wala haianikwi juani, ati heri itakimbia. Husuuzwa kwa maji baridi, hutundikwa kivulini ndani ya nyumba, kisha hupelekwa kwa mjamzito mwingine, naye hulala nayo kiunoni bila nguo nyingine mpaka siku yake ifike. Wataalamu wa Taasisi walikuwa wamewajaribu walinzi wao juu ya chuma, juu ya mpira, juu ya vigae na juu ya shuka za hospitali zinazochemshwa. Kitambaa kisichofuliwa kwa heshima hawakukijaribu. Nani angewaambia? Mambo ya unyago hayaelezwi mbele ya mwanamume aliyeshika kalamu.

Zamda aliingia chumbani, akalifunga dirisha, akaitoa kanga iliyokuwa inangoja zamu kwenye kamba. Ilikuwa imeandikwa NILICHOPEWA NA MWENZANGU APEWE. Akaimulika kwa taa ndogo ya mfukoni. Pindo kwa pindo ikawaka kijani.

"Zima hiyo taa, unaichezea heri ya watu!" mama yake alifoka mlangoni.

"Mama, hii heri ina wadudu ndani."

"Hata Pepo ina wadudu, ila ni wazuri. Toka humo."

Nani angeweza kubishana na mtu kama huyo? Zamda akatoka. Na wiki zilizofuata, kila bangili nyeupe iliyong'aa alichovya kijiti kwenye maji ya chumvi. Hakuwaambia wanawake wenyewe, nao hawakuuliza. Watoto walizaliwa, wakanyonya, wakafika siku ya tatu, ya saba, wakatolewa nje. Kule nyuma ya reli nyasi zilirefuka. Zamda alikuwa akipita hapo kila asubuhi akienda kazini, na akajikuta anaimba njiani, mtu mzima, mchana kweupe. Alijiona mwerevu. Tusimlaumu upesi, hata mimi na wewe tungejiona hivyo.

*

Dokta Lwitiko, msimamizi wa utafiti, hakuwa mtu wa makelele. Alimkaribisha Zamda ofisini, akamsogezea sahani ya karanga, akaanza kuzimenya zake taratibu.

"Sista Zamda, tumefika nusu ya utafiti. Baraza limeangalia hesabu. Unajua walinzi wamesaidia kiasi gani?"

"Sana, Dokta."

"Hawajasaidia kitu."

Zamda alidhani hakusikia vizuri.

"Kundi la Kijani, watoto waliokufa ni wachache mno. Vizuri. Kundi la Kungoja, nao ni wachache mno. Hakuna tofauti. Baraza linasema vifo Ruhembele vimepungua vyenyewe, pengine kwa usafi, pengine kwa bahati. Walinzi hawana kazi. Mwisho wa mwezi matangi yote ya ute yanachomwa moto, na hakuna mji mwingine utakaopewa." Akatupa ganda kwenye kikapu. "Wenye walinzi sasa hivi hawatabughudhiwa. Watajifungua salama, kisha walinzi watafikia ukomo wao, na sisi tutarudi tulikotoka. Nchi nzima."

Hapo ndipo Zamda alipoielewa kazi ya mikono yake. Wanawake walikuwa wameokoana kiasi kwamba hapakubaki hata mmoja wa kuonyesha kwamba dawa inaokoa. Na yeye, kwa maji ya chumvi na kimya chake, alikuwa ameificha siri hiyo vizuri kuliko mtu yeyote.

"Dokta," akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, "ni kanga."

Akaeleza yote. Kanga za heri, vijiti vya pamba, maji ya chumvi. Alingoja afokewe, afukuzwe, aitiwe polisi. Dokta Lwitiko aliacha kumenya karanga. Uso ulimchangamka, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alionekana kijana.

"Kwa hiyo wanafanya kazi!" akasema. "Wanafanya kazi, Sista! Wanapita hata kwenye kitambaa!"

"Basi waambie Baraza."

"Niwaambie nini? Kwamba mkunga wangu, aliyekuwa akiwapelekea pamba za uongo, sasa anasema ukweli?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Watauliza, yuko wapi mama asiye na walinzi tumlinganishe? Hayupo. Mmewamaliza kwa kanga zenu. Lazima apatikane."

"Atapatikanaje?"

"Wenye bangili nyeupe wanaong'aa na bado hawajajifungua. Wanywe Mfutio, kama kanuni ilivyotaka tangu mwanzo. Wako wangapi?"

Nje mtu alikuwa akifagia baraza, fagio linakwaruza sakafu.

"Dokta, unajua wakinywa kitatokea nini."

"Najua. Wenye bangili nyeupe wote walikuwa na wabaya wengi kabla, nimeona vipimo vyao vya mwanzo. Wakiwa sita, kwa mfano, wawili watazika. Pengine watatu. Hao ndio ushahidi." Akajiegemeza nyuma. "Usinitazame hivyo. Mimi kwetu Rungwe nimezika wa kwangu wawili, najua ninachokisema. Nihesabie watoto watakaokufa nchi nzima mwakani kama matangi yatachomwa. Huwezi, mimi pia siwezi. Sasa weka wawili upande huu na hao upande ule, uniambie wewe ungefanyaje. Sema, nakusikiliza."

"Tuwaambie wenyewe. Wachague."

"Wewe ungechagua kunywa?"

Zamda alizitazama karanga kwenye sahani.

"Wataondoka usiku ule ule, kila mmoja kwa shangazi yake, nami nitabaki na hadithi ya kanga. Baraza halipokei hadithi." Akaisogeza sahani ya karanga pembeni, akavuta karatasi. "Kama hutaki, sawa. Toka, nenda nyumbani, sitakushitaki. Wanawake wako watajifungua salama na utaendelea kupendwa. Lakini ujue umechagua."

Zamda alikaa. Aliwaza Mwantumu na mdomo wake usiofungwa. Aliwaza wajawazito wa miji asiyoijua, wengi kama siafu, ambao hawana kanga ya heri na hawatakuwa nayo. Hao hawakuwa na sura, na mtu asiye na sura ni vigumu kumlilia. Lakini alikuwa mkunga, na vichanga alivyovifunga sanda kwa mikono yake vilikuwa na sura zote. Alijua pumzi ya mwisho ya mtoto wa siku tatu inavyosikika. Aliisikia mara nyingi mno, hakutaka isikike kila mji, kila wiki, miaka yote iliyobaki, kwa sababu yeye alitaka kupendwa mtaani kwao.

Akaanza kutaja. Mwantumu. Mke wa mwenye duka. Yule wa kwa walimu. Alitaja polepole, na kila jina lilipotoka alihisi kama anang'olewa jino. Yakawa majina sita.

"Hao tu?" aliuliza Dokta Lwitiko.

Chausiku alikuwa wa saba. Zamda aliliona jina lake limekaa kabisa kwenye ulimi. Aliwaona wale wawili wa nyuma ya reli, na Kondo akishika jembe, akikataa kupokewa na mtu.

"Hao tu," akasema.

"Nakuamini, Sista," akasema Dokta, akakunja karatasi.

Zamda alitoka akijichukia, lakini kusema kweli, chini ya ile chuki kulikuwa na faraja kidogo. Aliwatoa watu sita na kumbakisha wake. Damu nzito kuliko maji, wamesema wahenga, nao hawakuwahi kueleza hao wengine wafanywe nini.

*

Wale sita waliitwa Alhamisi asubuhi. Waliketi kwenye benchi la barazani, matumbo mbele, kanga mabegani, wakipepeana. Zamda aliwaambia ni dawa ya kuongeza damu. Dokta Lwitiko alisimama mlangoni, mikono nyuma, kwa kuwa alitaka kuona kila mmoja akimeza. Kijiko kimoja kingetosha, lakini alisema watu hawaheshimu dawa ya kijiko, wamiminiwe kikombe.

"Leo tumekumbukwa sisi weupe!" alisema Mwantumu. "Nilidhani dawa zote ni za wale mabibi kijani. Nesi Zamda, nijazie vizuri, mimi nakula kwa ajili ya watu wawili na mume wangu wa tatu."

Wakacheka. Zamda alimimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakumwaga hata tone, na yeye mwenyewe alishangaa. Mke wa mwenye duka alikunywa kwa mkupuo, akasema bismillahi baada ya kumaliza, akajicheka kwa kusahau. Wa kwa walimu alikunywa akiwa amefumba macho kama mtoto. Mmoja baada ya mwingine wakarudisha vikombe, wakashukuru. Hilo la kushukuru Zamda hakuwa amejiandaa nalo. Alitazama chini, akaendelea kukusanya. Jagi likabaki tupu. Ni Mwantumu tu aliyekuwa bado na nusu kikombe, kwa sababu ya kupiga domo.

Ndipo Bi Sikudhani alipotokea kwenye ngazi, anahema, amemshika Chausiku mkono.

"Eti kuna dawa ya damu inagawiwa, na mkamwana wangu hana habari! Nimesikia kwa muuza maandazi! Zamda, wewe ni mtu wa namna gani? Watu baki unawaita, wifi yako unamruka?"

"Mama, si ya kila mtu."

"Si ya kila mtu vipi? Hawa si weupe? Na huyu si mweupe?" Akauinua mkono wa Chausiku, bangili ikaonekana na benchi zima. "Aliyezika wawili ndiye wa kunyimwa? Watu watasema nini? Watasema wifi ana kijicho, hataki mdogo wake apate mtoto!"

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Kwa kweli, Nesi." Chausiku mwenyewe alikuwa amesimama, jasho usoni, mkono chini ya tumbo. Alimtazama Zamda, na katika macho yake hapakuwa na mzaha. Alikuwa ameumia.

"Wifi," akasema, "kama nimekukosea, niambie. Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Hujanikosea." Zamda akaliinamisha jagi ili waone. "Imekwisha. Tazameni wenyewe, imekwisha kabisa."

"Haijaisha," akasema Mwantumu, na akasogea kwenye benchi kumpisha. "Njoo hapa mwenzangu, unywe hii yangu. Damu ninayo nyingi mpaka nawagombeza watu. Tugawane."

Dokta Lwitiko alikuwa amemkaribia Zamda bila yeye kumsikia. Akamwuliza kwa sauti ya chini, karibu ya sikio, "Huyu anang'aa?"

Kwa dakika moja tu Zamda aliweza kufikiri sawasawa, na aliyoyafikiri yalikuwa haya. Akisema ndiyo, Dokta atampa kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Akisema hapana, hakuna sababu duniani ya kumzuia asinywe. Ilibaki njia moja, nayo ni kupaza sauti hapo barazani na kuwaambia wote kilichomo kikombeni. Kwa Chausiku muda ungalipo, hajanywa. Wale sita wameshakunywa, na kwao maneno hayatatoa kitu tumboni. Yatawapa tu jina la mtu wa kumlaani. Na watatoroka, na matangi yatachomwa, na wale wawili au watatu watakuwa wamekufa bure.

"Hang'ai," akasema.

"Basi haitamdhuru," akasema Dokta, sasa kwa sauti ya watu wote, kwa upole wake ule ule. "Mpeni mama anywe. Hakuna ubaya."

Bi Sikudhani akapiga kigelegele kifupi cha ushindi. Chausiku akaketi pale alipopishwa, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

Zamda alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, yalikuwa yamefika kabisa, na mkewe Kondo alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Aliwaona wale sita wakimtazama wifi yake kwa furaha, kama watu wanaomtazama mgeni anayekula chakula chao. Akaiona sura ya Mwantumu. Akawaza namna sura hiyo itakavyobadilika.

Akakifunga kinywa.

Chausiku alikunywa yote, akakung'uta kikombe, akalamba mdomo.

"Kumbe tamu," akasema. Kisha akatabasamu kwa aibu kidogo, kama mtu aliyegombana na nduguye kwa jambo dogo. "Nisamehe wifi, mimba inanipa maneno. Nilidhani umenichoka."

Zamda akakipokea kikombe mkononi mwake. Akamwambia asijali, na arudi Jumatatu kupimwa, kama alivyowaambia wengine.